Ugonjwa wa PCOS: Chanzo Chake, Matibabu Yake na Mafundisho ya Kanisa



Katika mafundisho ya maandalizi ya Ndoa Takatifu, na zaidi katika mazungumzo ya faragha yanayoyafuata, maswali ya namna moja yamekuwa yakitufikia sisi mapadri. Binti ambaye hedhi yake hupotea miezi mitatu kisha hurudi kwa wingi wa kutisha, mwenye nywele zinazoota kidevuni, ambaye hospitalini ameambiwa ana PCOS: je, yafaa aendelee na uchumba? Vidonge vya majira alivyoandikiwa na daktari, je, ni dhambi ya kuungama? Na wale walio tayari katika ndoa, miaka minne au mitano bila mtoto, huuliza kwa sauti ya chini zaidi kama wamelaaniwa.

Maswali haya hayajibiwi kwa huruma peke yake. Yatupasa kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe, ndipo tuseme Kanisa linafundisha nini juu ya tiba yake. Makala hii inafuata utaratibu huo. Haichukui nafasi ya daktari, kwa maana hakuna aliyewahi kupimwa homoni kwa kusoma makala.

Ugonjwa huu ni upi

PCOS ni herufi nne zinazosimama badala ya jina refu la kitabibu, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi. Mitaani wengi huuita uvimbe maji, na hapo ndipo upotofu unapoanza. Kinachoonekana katika ultrasaundi ni vijifuko vidogo sana, vya milimita 2 hadi 9, na ndani ya kila kimoja mna yai lililoanza kukua likasimama njiani. Vijifuko hivyo ni maumbile ya kawaida ya mwanamke. Kilichoharibika ni mwendo wao. Kwa hiyo mtu anayetangaza katika simu zetu kwamba ana dawa ya "kuyeyusha uvimbe" au "kusafisha kizazi" wa mgonjwa wa PCOS anauza dawa ya kitu ambacho hakipo.

Ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokosa hedhi na waliokuwa na ovari kubwa zenye vijifuko vingi. Kwa miaka mingi ugonjwa uliitwa kwa majina yao. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajui kuwa wanao. Tukikaa katika kanisa lolote siku ya Dominika, tujue kwamba wamo kati yetu, na wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la kinachowasumbua.

Ili tuelewe kinachotokea, tuanze na mwanamke mwenye afya. Kila mwezi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma homoni zinazoamsha vijifuko kadhaa ndani ya ovari. Kimoja huwatangulia wenzake, hukua, hupasuka na kuachia yai. Kijifuko kilichobaki kitupu hutoa homoni iitwayo projesteroni, na homoni hiyo inaposhuka, baada ya majuma mawili hivi, hedhi hufika. Katika PCOS hakuna kijifuko kinachotangulia. Yai halipevuki, projesteroni haitoki, na hedhi haina cha kuiita. Wakati huo huo utando wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kunenepa, hata siku unapoanza kubomoka wenyewe damu hutoka nyingi na kwa siku nyingi.

Nyuma ya hayo yote kuna mambo mawili yanayosaidiana vibaya. La kwanza ni wingi wa androjeni, yaani homoni ambazo wanaume wanazo kwa wingi na wanawake kwa uchache. La pili ni mwili kutoitikia vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari katika chembe hai. Mwili usipoitikia, kongosho huongeza insulini. Insulini ikizidi katika damu huzichochea ovari zitoe androjeni zaidi. Androjeni zikizidi, mayai husimama. Unene ukiingia hapo hukaza mzunguko huo, kwa kuwa mafuta ya tumboni huongeza ukaidi wa mwili kwa insulini. Hata hivyo wapo wanawake wembamba kabisa wenye ugonjwa huu, na kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba "hana dalili" kwa sababu hana kitambi ni kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Dalili, na namna daktari anavyoutambua

Dalili kubwa ni hedhi isiyo na mpangilio. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko unaopita siku 35, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka, ni jambo la kupeleka hospitali. Zipo pia nywele nene kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au tumboni; chunusi zisizoisha baada ya ujana; nywele za kichwani kupungua utosini; na weusi kama wa mkunjo wa kitambaa cha mahameli nyuma ya shingo au makwapani. Huo weusi twauomba wazazi wauangalie kwa makini, maana mabinti wengi husuguliwa shingo kwa dodoki na kuambiwa hawaogi vizuri, kumbe ni alama ya insulini kuzidi mwilini. Hakuna sabuni inayoutoa.

Utaratibu wa kuutambua uliokubaliwa na wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, na kuboreshwa katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, unadai mambo mawili kati ya matatu: mayai yasiyopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi katika ultrasaundi. Mwongozo wa 2023 umeruhusu pia kipimo cha damu kiitwacho AMH kitumike kwa watu wazima badala ya ultrasaundi. Maana yake ni kwamba ultrasaundi peke yake haitoshi. Mwanamke mwenye hedhi nzuri na asiye na dalili nyingine, ambaye picha imeonyesha vijifuko vingi, hana ugonjwa huu.

Kwa wasichana uangalifu unazidi. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo hedhi huyumba kwa kawaida, na ovari za msichana huwa na vijifuko vingi bila ubaya wowote. Ndiyo maana mwongozo hauruhusu ultrasaundi kutumika kuutambua ugonjwa huu kabla ya kupita miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Binti wa miaka 15 aliyepewa jina la PCOS kwa picha moja tu apate daktari mwingine wa kumsikiliza.

Kabla ya kutamka jina la ugonjwa, daktari mwema hupima kwanza mambo mengine yanayofanana nao: ujauzito, matatizo ya tezi ya shingo, wingi wa homoni ya maziwa iitwayo prolaktini, na hitilafu za tezi zilizo juu ya figo. Akiisha kuutambua, atapima pia sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu. Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa huu ni wa uzazi tu, na kwamba asiyetafuta mtoto hauhitaji kumshughulisha. Lakini wenye PCOS wako katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupata kisukari cha aina ya pili, kisukari cha mimba, na, pale hedhi inapopotea miaka mingi bila tiba, saratani ya utando wa mji wa mimba. Sonona na wasiwasi huwapata zaidi pia. Mtawa, mjane kijana na binti asiyeolewa wanahusika na habari hii sawasawa na mke.

Unatoka wapi

Hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Kinachojulikana ni kwamba hutembea katika ukoo: mama, shangazi au dada akiwa nao, au baba akiwa na kisukari, uwezekano kwa binti huongezeka. Juu ya urithi huo hujengwa maisha tunayoishi.

Na maisha yetu yamebadilika. Bibi zetu walikwenda kisimani na shambani kwa miguu. Sisi twakaa ofisini au kibandani kutwa, twapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, na usiku twalala na simu mkononi. Dona imeachia nafasi sembe, na jioni mjini imekuwa ya chipsi mayai. Soda moja ya mililita 300 huweza kubeba gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai saba na zaidi. Hata mikutano ya Jumuiya na ya vyama vya kitume imepata ajenda ya kudumu, nayo ni soda na maandazi. Maisha ya namna hii hayauzai ugonjwa kwa asiye na mwelekeo nao, ila yanauamsha na kuukuza kwa aliye nao. Tusisahau kwamba wanawake saba wa mwaka 1935 hawakujua chipsi mayai. Anayesema kwamba mgonjwa amejiletea mwenyewe kwa uvivu na ulafi anasema asilolijua.

Yapo mengine yanayosemwa ambayo ni lazima tuyakatae waziwazi. PCOS haitokani na kutupiwa jini wala na kijicho cha wifi. Si ushahidi kwamba binti aliwahi kutoa mimba, na haisababishwi na uzazi wa mpango aliowahi kutumia, ingawa vidonge huweza kuficha hedhi mbovu kwa miaka na kuifunua vinapoachwa. Mitume waliokutana na kipofu tangu kuzaliwa, katika Injili ya Yohane sura ya 9, walitaka kwanza kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lao. Sisi twaendelea kuliuliza kila tunapomwona mwanamke asiye na mtoto.

Matibabu

Hakuna dawa inayouondoa ugonjwa huu moja kwa moja. Upo utunzaji, na utunzaji mzuri huleta hedhi, hulinda moyo na kongosho, na mara nyingi huleta mtoto.

Msingi wa utunzaji ni chakula na mwendo. Mwanamke mwenye unene aliye na kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, yaani asilimia 5, insulini yake huanza kushuka, na kwa wengine hedhi hurudi bila kidonge chochote. Hakuna chakula cha pekee kilichothibitishwa kushinda vingine, na hatuoni haja ya vyakula vya gharama vinavyotangazwa. Ugali wa dona, mtama au ulezi kwa kiasi, maharage, kunde, dagaa, mboga za majani, tunda zima badala ya juisi, chai isiyo na sukari nyingi: vitu hivi vipo katika masoko yetu. Mwendo unaopendekezwa kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa juma za kutembea kwa kasi au kazi ya namna hiyo. Kwenda na kurudi kanisani kwa miguu kila asubuhi, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kunakitimiza kiwango hicho na kuongeza sala juu yake. Usingizi nao ni tiba. Anayekoroma sana na kuamka amechoka amwambie daktari, kwa kuwa kukatika pumzi usingizini ni jambo la kawaida kwa wenye ugonjwa huu.

Metformini, ile ile wanayopewa wagonjwa wa kisukari, husaidia mwili uitikie insulini. Mwanzoni huweza kuchafua tumbo, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Isinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani, maana figo lazima zipimwe kwanza.

Vipo kisha vidonge vya homoni. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hushusha androjeni, hupunguza chunusi na nywele, na kuleta damu ya kila mwezi inayozuia utando wa mji wa mimba usinenepe kwa hatari. Kwa asiyeviweza, kwa mfano mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu au mwenye kipandauso cha namna fulani, daktari aweza kutoa homoni ya aina ya projesteroni peke yake kwa siku 10 hadi 14, kila baada ya muda, ili utando ushuke. La msingi ni kwamba mwanamke asiyetibiwa asikae zaidi ya miezi mitatu bila hedhi akidhani amepumzishwa.

Kwa wanaotafuta mtoto, dawa inayotangulizwa leo ni letrozoli, vidonge vinavyomezwa kwa siku chache mwanzoni mwa mzunguko ili kulipevusha yai. Klomifeni ilitumika kabla yake na bado hutumika. Zote mbili zinahitaji uangalizi, kwani huweza kupevusha zaidi ya yai moja. Upo pia upasuaji mdogo wa kutoboa ovari kwa wale ambao dawa hazikuwafaa. Lakini kabla ya dawa hizi zote mume apimwe. Mara nyingi tumeona mwanamke akizungushwa hospitali tatu na kwa waganga wawili wakati mumewe hajawahi kuvuka mlango wa maabara, na ilhali katika nusu hivi ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una sehemu yake. Kipimo cha mbegu kinaweza kufanyika kwa njia isiyoyavunja maadili ya ndoa. Wanandoa wamwulize padri wao bila aibu.

Neno moja kwa wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi. Kuhesabu siku kwa kalenda hakufai kabisa kwa mwenye PCOS, kwa kuwa hesabu hiyo hudhani mzunguko wa kawaida. Mbinu ya Billings, iliyoanzishwa Melbourne, Australia, na daktari John Billings na kuendelezwa pamoja na mkewe Evelyn, inategemea kuutazama ute wa uzazi siku kwa siku, na kwa hiyo hufuata mwili hata pale mwezi unapokuwa mrefu. Mwenye PCOS atahitaji mwalimu mwenye uzoefu, kwani ute wake huweza kuonekana na kukatika mara nyingi kabla ya yai kupevuka kweli. Vipimo vya mkojo vya kutambua siku za yai navyo humdanganya, kwa sababu homoni wanayoipima mara nyingi iko juu mwilini mwake siku zote. Faida ni kwamba chati iliyoandikwa vizuri kwa miezi sita ni zawadi kubwa kwa daktari. Na asiyepata hedhi kwa miezi asijidhanie hawezi kupata mimba, maana yai laweza kupevuka wakati wowote bila kubisha hodi.

Vidonge, na dhamiri ya mwamini

Wapo mabinti walioacha tiba kwa sababu mtu katika Jumuiya aliwaambia kwamba Mkatoliki akionekana na vidonge vya majira hawezi kukomunika. Hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Papa Paulo VI, katika Waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, ule ule uliokataa uzuiaji mimba, alifundisha katika namba 15 kwamba Kanisa halikatazi kamwe tiba zinazohitajika kuponya magonjwa ya mwili, hata kama inajulikana mapema kwamba zitazuia uzazi, maadamu kizuizi hicho hakikusudiwi chenyewe. Mwanamke anayetumia homoni ili kurekebisha hedhi, kushusha androjeni na kuulinda mji wake wa mimba anatibiwa. Hana la kuungama juu ya vidonge hivyo, na hapaswi kuvificha chini ya godoro.

Kinachoamua ni kusudi, na kusudi linajulikana na mtu mwenyewe mbele za Mungu. Wanandoa ambao ugonjwa umekuwa kisingizio chao cha kukwepa mtoto wazungumze kwa unyofu na muungamishi wao. Na mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumwuliza daktari kama ipo tiba nyingine isiyozuia mimba, hasa ikiwa yeye na mumewe wanatamani mtoto. Daktari asiliudhikie swali hilo.

Kuhusu dawa za kupevusha yai, msimamo ni mwepesi kuueleza. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008, namba 13, inazitaja tiba za homoni kwa utasa na upasuaji wa kuzibua mirija kuwa ni halali, kwa sababu zinaondoa kikwazo na kuliacha tendo la ndoa lifanye kazi yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2375, inautia moyo utafiti wa kupunguza utasa. Anayetumia letrozoli akiwa na mumewe nyumbani anashirikiana na Muumba.

Upandikizaji mimba, ambapo mtoto hutungwa maabara, haukubaliki. Hati Donum Vitae ya mwaka 1987 ilieleza sababu zake: mtoto ana haki ya kutungwa kama tunda la tendo la upendo la wazazi wake na kupokewa kama zawadi, na katika maabara viinitete vingi hugandishwa au hutupwa. Tunajua jinsi neno hili linavyouma kwa aliyesubiri miaka kumi, na hatulitamki kwa wepesi. Twaongeza tu kwamba mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu kama wengine, na Ubatizo wake hauna swali.

Katika habari ya Hana, sura ya kwanza ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sisi makuhani huwa twamkumbuka Penina aliyemchokoza mwenzake mwaka hata mwaka. Twamsahau Eli. Alimwona mwanamke akisali midomo ikitikisika bila sauti, akamdhania mlevi. Hana ndiye aliyemfundisha kuhani kwamba alikuwa akimimina moyo wake. Basi anayefika ofisini kwa paroko na chozi hili asipewe novena kabla ya kuulizwa kama amepimwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa sababu naye ameumbwa na Bwana.

Uchumba, ndoa na ndugu

Turudi kwa yule binti wa mafundisho ya ndoa. PCOS si utasa. Wengi walio nao huzaa, baadhi bila dawa yoyote. Na hata utasa wenyewe, kwa mujibu wa kanuni ya 1084 §3 ya Sheria za Kanisa, haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Lakini mchumba aambiwe. Kanuni ya 1098 inaibatilisha ndoa iliyopatikana kwa hila juu ya sifa ya mwenzi ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga vikali maisha ya pamoja, na hatutaki binti yeyote aingie ndoani na siri inayoweza kugeuzwa kesi. Aseme mapema, kabla ya mahari kwenda, na ikiwezekana waende wote wawili kumsikia daktari. Mchumba anayekimbia kwa kusikia jina la ugonjwa amefanya vyema kukimbia kabla ya altare.

Kwa ndugu wa mume tuna neno fupi. Ndoa halali ya wabatizwa iliyokamilishwa haivunjwi kwa kukosa mtoto, na kumletea kijana wenu mwanamke wa pili "kwa ajili ya ukoo" ni kumtenga na Ekaristi Takatifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 50, ulisema kwamba ndoa hudumu na thamani yake hata pasipo watoto waliotamaniwa. Lugha yetu ina maneno mawili makali, tasa na mgumba, na katika vikao vya ukoo yote mawili hurushwa kwa mke kabla mume hajapimwa. Wazee wa Jumuiya wayakataze.

Wanandoa waliojaribu tiba zote halali, na mtoto hajaja, Katekisimu namba 2379 inawaelekeza kuunganisha uchungu wao na Msalaba wa Bwana, na inawafungulia milango ya kuwatumikia wengine, ikiwemo kuasili mtoto. Hapa Tanzania maombi huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri wanakoishi, na amri ya kuasili hutolewa na mahakama kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto huyo akiletwa kubatizwa, wazazi waje na hati ya mahakama. Paroko atayaandika majina yao katika kitabu cha ubatizo, kama kanuni ya 877 §3 inavyoagiza.